Mama na mtoto wamo tayari

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wachongaji. Waliokosa kufika waliniomba niiandike. Nimeiweka kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziacha, maana picha bila ukuta wake hazina kazi.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wachongaji wenzangu, na ninyi vijana mliojibanza kule mlangoni kama watu wanaopanga kutoroka: njooni mbele, viti vipo.

Nianze na kinu. Mama yangu ana kinu alichoachiwa na mama yake. Kimepasuka ubavuni, hakitwangi tena, kimekaa upenuni kikikinga maji ya mvua. Miaka mitatu iliyopita nilikosa gogo la kazi, nikakikodolea macho kile kinu. Mti umekauka, umekomaa, hauna hata tundu moja la dumuzi. Nikamwambia, "Mama, nipe hiki kinu nikichonge." Hakunikatalia. Aliniuliza tu, "Utachonga nini?" Nikamjibu kwa majivuno ya kifundi, "Mama na mtoto." Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mama na mtoto si wamo tayari?"

Wamo tayari. Nimelala na neno hilo miaka mitatu. Sisi tumezoea kuulizana swali moja mbele ya kazi ya mtu: umechonga nini? Mama yangu, ambaye hajawahi kushika tindo, alikuwa akiniuliza lingine kabisa: huo mti ulikuwa nini kabla hujaufikia?

Leo nimekuja na wanawake watatu waliolijibu swali hilo vizuri kuliko mimi. Wote watatu ni wachongaji, wote wamekwisha kufariki, na wote ni Wayahudi waliozaliwa Ulaya.

Sasa mtaniuliza: mwenzetu, umetoka na kinu cha mama yako, unatupeleka kwa Wayahudi kufuata nini? Mna haki. Nina sababu mbili, na ya kwanza Wamakonde mliomo humu mtaielewa upesi. Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, waliyoisimamia marabi tangu zamani sana, mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi, baba awe yeyote yule. Ukoo unapita tumboni. Nani aliyekulia Newala au Tandahimba atashangaa? Sisi nasi tumelelewa tukijua mjomba ni nani. Na katika simulizi ya wazee wetu, mama wa kwanza hakuzaliwa. Alichongwa kwa mti, akasimamishwa nje usiku, kulipokucha akawa mtu.

Sababu ya pili inatugusa sisi watu wa tindo. Kutoka, sura ya 20: "Usijifanyie sanamu ya kuchonga." Mnaijua. Nimeshasomewa mstari huo mara ngapi na majirani zangu, wakinitazama na vinyago vyangu! Basi hao ndio watu walioupokea kwanza. Kwa karne nyingi walichonga makabati ya kuwekea Torati, walichonga mawe ya makaburi yenye simba na ndege, ila mwili wa mtu uliosimama peke yake kwa sehemu kubwa waliuacha. Sasa mtu wa ukoo huo akiamua kuwa mchongaji, tena mwanamke, anaanzia wapi?

Nadhani anaanzia kwenye kitu chenyewe, kile anachokishika mkononi, kabla sura haijatokea. Na kitabu kilekile chenye katazo kinampa mfano. Soma mbele kidogo, sura ya 38. Fundi Bezaleli anatengeneza vyombo vya hema. Linapofika birika la shaba la makuhani kunawia, tunaambiwa shaba hiyo ilitoka wapi: ilikuwa vioo vya wanawake. Zamani vioo vilikuwa shaba iliyosuguliwa. Kwa dhahabu na fedha walihesabu uzito. Kwa birika hili wakataja vitu vya wanawake. Kwa nini?

Marabi waliuliza hivyohivyo. Rashi, mwalimu mkubwa aliyeishi Ufaransa karne ya 11, ameihifadhi hadithi yao. Wanasema Musa alivikataa vile vioo. Alivichukia, kwa kuwa ni vya kujipambia. Mungu akamwambia, vipokee, hivi navipenda kuliko vyote. Maana kule Misri, waume walipokuwa wakivunjwa mgongo na kazi ya utumwa, wakikata tamaa hata ya kuzaa, wake zao waliwapelekea chakula na maji huko makazini. Wakishakula, mke anatoa kioo, anajitazama pamoja na mumewe, anamtania: tazama, mimi mzuri kukushinda wewe. Hivyo utani ukaleta hamu, hamu ikaleta mimba, mimba ikaleta taifa. Bila vile vioo asingekuwapo mtu wa kutoka Misri.

Ndugu zangu, hebu tulieni hapo. Birika halina sura ya mama, wala mtoto hajachorwa juu yake. Lakini kuhani akinawa, ananawa ndani ya vioo vya mama zake. Wamo tayari!

Haya, tumfuate wa kwanza. Leah Berliawsky alizaliwa mwaka 1899 Pereiaslav, mji uliokuwa chini ya Dola ya Urusi na leo uko Ukraina. Baba yake alikuwa mtu wa mbao. Alitangulia Marekani kutafuta maisha, na inasimuliwa kwamba binti alipoona baba haonekani alinyamaza kwa miezi, hakutoa neno. Mwaka 1905 mama yao, Minna, akavuka bahari na watoto mpaka Rockland, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine. Baba akaanza kwa kukata miti na kuuza vitu chakavu, baadaye akawa na yadi yake ya mbao. Mama hakuzoea kamwe. Huzuni ilimwandama asipone. Ila siku akiamua kutoka, alijipamba na kuwapamba wanawe mpaka mji mzima ukageuka kutazama.

Binti aliolewa mwaka 1920, akawa Louise Nevelson. Mwaka 1922 akazaa mtoto wa kiume. Na mwaka 1931, mtoto akiwa na miaka tisa, alimwacha kwa ndugu zake kule Maine, akapanda meli kwenda Munich kusoma sanaa kwa Hans Hofmann.

Naona nyuso zimekunjamana. Mama gani huyo? Simtetei. Ila nikumbusheni, ni wachongaji wangapi wanaume humu ndani waliowaacha watoto kwa bibi wakaja mjini kuuza vinyago, na hakuna aliyewakunjia uso?

Alirudi New York, na kwa miaka mingi hakuna aliyenunua. Hela ya mbao nzuri hakuwa nayo. Akawa anazunguka mitaani akiokota: miguu ya viti, nguzo za ngazi, vipande vya fremu za milango, makreti. Mtaa wake wenyewe ulikuwa ukibomolewa, nyumba zinaangushwa, mbao zinatupwa nje. Aliziokota, akazipanga ndani ya masanduku, akapandanisha masanduku mpaka yakawa ukuta, akaupaka wote rangi moja, nyeusi tii. Ukuta wake wa mwaka 1958, alioupa jina la kanisa kuu la angani, "Sky Cathedral", una urefu wa zaidi ya mita 3. Leo ni mali ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka 60. Vijana, mmesikia? Sitini.

Watu walimwuliza kwa nini nyeusi, kama msiba. Akawaeleza kuwa kwake nyeusi haikatai rangi, inazipokea zote. Mimi naongeza langu, mnisamehe nikikosea. Mbao ni za baba, rangi ni ya mama. Minna aliivika huzuni yake nguo ya maana kabla ya kutoka barabarani, na binti aliokota taka za barabarani akazivika vilevile. Ukitazama picha zake za uzeeni, na zile kope za bandia alizozipachika tabaka juu ya tabaka, utaniamini.

Mwaka 1964 alijenga ukuta mwingine mweusi akautoa kwa heshima ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, watawala wa Ujerumani wa siku zile. Hakuna uso hata mmoja. Ni masanduku, kila moja na vipande vyake, vipande vya nyumba za watu. Mguu wa kiti ulishawahi kubeba mtu. Nguzo ya ngazi ilishashikwa na mkono wa mtoto anayejifunza kupanda. Angechonga uso, ungekuwa uso wa mmoja. Na yule kijana aliyeachwa Maine? Alikua akawa mchongaji naye. Wa mbao.

Wa pili ni Eva Hesse, na hapa naomba mniruhusu nikae.

Alizaliwa Hamburg, Januari 1936. Novemba 1938 Wanazi walichoma masinagogi Ujerumani nzima, na wazazi wengi Wayahudi wakaanza kutafuta njia ya kuwatoa angalau watoto. Desemba mwaka huo Wilhelm na Ruth Hesse waliwapakia binti zao wawili kwenye treni ya watoto kwenda Uholanzi. Mkubwa, Helen, alikuwa na miaka mitano. Eva hajafikisha mitatu. Mama zetu mliopo hapa, hebu jaribuni kuifikiria stesheni ile. Unamfunga mtoto vifungo vya koti, unamkabidhi mtoto kwa mtoto mwenzake, treni inaondoka, na hujui kama umemwokoa au umemtupa.

Walikutana tena. Hiyo ilikuwa bahati, maana watoto wengi waliosafirishwa hivyo hawakuwaona wazazi wao tena. Mwaka 1939 familia ilifika New York. Lakini Ruth hakufika mzima. Jamaa waliobaki Ulaya waliuawa. Ndoa ikavunjika. Januari 1946, siku chache kabla Eva hajatimiza miaka kumi, mama yake alijiua.

Nimefika hapa nataka niseme jambo, nanyi mlishike. Ni rahisi sana kumchukua mtu wa namna hii na kubandika huzuni yake kama kibandiko cha bei: tazama, kazi ya msichana wa treni. Hesse hakuchonga treni. Hakuchonga nyota ya Daudi, wala mama anayelia. Akizungumza kuhusu kazi alizungumza kama fundi: kamba, uzito, gundi, kitu kinavyoning'inia. Tumpe heshima hiyo. Nasaba anayo, lakini haioneshi kwa kidole. Iko ndani ya kitu alichochagua.

Alikuwa mchoraji kwanza. Mwaka 1964 mumewe, mchongaji, alialikwa Ujerumani na tajiri mmoja mwenye kiwanda cha nguo, naye akamfuata. Ndiyo, Ujerumani ileile! Walipewa sehemu ya kiwanda isiyotumika, huko Kettwig kwenye mto Ruhr, wafanyie kazi humo. Sakafuni kulikuwa na vipande vya mashine, nyuzi, kamba zilizosahauliwa. Uchoraji ulikuwa umemkwama. Akaanza kuokota zile kamba. Akazizungusha, akazifunga, akazibandika ubaoni. Moja ya kazi za kwanza, ya mwaka 1965, ni duara mbili za waya uliovikwa kitambaa, zinazunguka zinazunguka mpaka katikati, na katikati panainuka kama chuchu. Jina lake alilitoa kwenye wimbo wa watoto wa kucheza mduara, akalichanganya na jina la rafiki yake aliyekuwa mjamzito.

Fikirini. Amerudi nchi iliyomfukuza akiwa mtoto wa koti na vifungo, na kitu cha kwanza mikono yake inachotengeneza ni titi na mduara wa watoto, kwa masalio ya kiwanda cha Wajerumani.

Aliporudi New York akakutana na utomvu wa mpira. Ninyi wa Muheza mnaujua mpira unavyogemwa: unakwangua gome, mti unatoa maziwa. Tena ndivyo tunavyosema wenyewe, maziwa. Hesse aliyapaka maziwa hayo kwa brashi juu ya kitambaa cha shashi, tabaka baada ya tabaka, likikauka hili anaongeza lile. Yakikauka yanakuwa kama ngozi, yanapitisha mwanga, yananepa. Mbali na hayo alitumia faiba, ileile ya boti zetu. Kazi yake ya mwaka 1969 iitwayo "Contingent", ambayo sasa iko Canberra, Australia, ni shuka nane zinaning'inia kutoka darini zikifuatana, shashi na mpira katikati, faiba juu na chini. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza niliona nguo za wagonjwa kwenye kamba. Mwenzangu akaona watu wamepanga foleni. Wote wawili tuliona miili, na mwili haumo.

Sasa sikilizeni upande wa fundi. Mpira haudumu. Hewa na mwanga vinaula: unakuwa wa manjano, unakuwa kahawia, unakakamaa, mwishowe unameguka ukiugusa. Hesse alijua. Mwaka 1970, akiwa mgonjwa, alimwambia aliyemhoji kwamba anaona vibaya watu wanaponunua, kiasi cha kutaka kuwaandikia barua ya kuwaonya kuwa kitu hiki hakitakaa. Na bado aliendelea kukitumia.

Kwa nini? Sisi tuliosomeshwa kusifia mpingo kwa sababu dumuzi hauwezi, tunaweza kudhani ni uzembe. Mimi sidhani. Mtu ambaye mama yake alimwokoa akafika, kisha mama huyohuyo akatoweka yeye akiwa binti wa miaka tisa, atakudanganyaje na shaba? Alichukua maziwa ya mti, kitu kinacholelewa kwa brashi, kinachozeeka kama ngozi ya mtu, na akakubali kizeeke. Alifariki Mei 1970 kwa uvimbe wa ubongo. Umri, miaka 34. Kazi zake nyingine leo hazioneshwi kabisa, zimekaa ghalani, zimekauka mno hata kubebeka ni shida. Moja kubwa, mapazia ya shashi na mpira yaliyosimamishwa kwa nguzo za faiba zenye zaidi ya mita 3, ilikaa miaka 35 bila kutolewa hadharani. Mwaka 2022 Jumba la Guggenheim la New York likaitoa baada ya wataalamu kuihudumia kama wanavyohudumia mzee kitandani. Imekuwa rangi ya asali iliyoungua. Je, ni kazi ileile? Ukimwona bibi yako ana miaka 80, utasema si yule wa kwenye picha ya harusi?

Ninywe maji kidogo.

Wa tatu jina lake litanitoa jasho, lakini nimelifanyia mazoezi: Alina Szapocznikow. Alizaliwa mwaka 1926 Kalisz, Poland. Baba daktari wa meno, alikufa kabla ya vita. Mama yake alikuwa daktari wa watoto. Shikeni hapo: daktari wa watoto. Vita vilipokuja, Wayahudi walifungiwa kwenye mitaa iliyozungushiwa ulinzi, geto. Mama na binti waliishi geto la Pabianice, kisha la Łódź, mama akitibu na binti akimsaidia hospitalini. Kisha Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kisha Bergen-Belsen, kambi nyingine. Ana miaka 18. Vita vilipokwisha alikuwa upande wa Czechoslovakia, akaenda Prague akiamini mama yake amekufa, akajifunza kuchonga mawe. Mama alikuwa hai Poland!

Kuhusu kambi zile hakupenda kusema. Mpaka anakufa, hadharani alisema machache mno. Ila alichonga. Na maradhi hayakumwacha: kifua kikuu kilimpata mwaka 1949 kikamwachia mwili usioweza kubeba mimba. Mwaka 1952, yeye na mumewe walimchukua mtoto wa kiume wakamlea awe wao, Piotr.

Kumbukeni nilichosema mwanzo, ukoo unapita tumboni. Sasa mama huyu tumbo limefungwa. Anapitisha nini, kwa njia gani?

Alipitisha kwa kalibu. Alianza na shaba na mawe kama sote. Miaka ya 1960, baada ya kuhamia Paris, aligeukia resini ya poliesta. Mafundi boti mnaijua: ni maji mazito, unachanganya na dawa ya kugandisha, harufu inapasua kichwa, kisha linakuwa gumu. Alikuwa anaupaka mwili wake plasta, mdomo, titi, tumbo, anapata kalibu, anamimina. Kinachotoka kina rangi ya nyama, mwanga unapita ndani. Midomo aliipachika juu ya shina na kuitia balbu, ikawa taa za mezani. Ukiziona unacheka kwanza, halafu unanyamaza.

Kuna kisa nakipenda, amekiandika mwenyewe mwaka 1971. Jumamosi moja alikuwa amechoka kusugua marumaru ya waridi kutoka Ureno. Alikuwa anatengeneza gari la Rolls-Royce kwa marumaru, msiniulize! Akakaa chini, anatafuna bazoka, mawazo mbali. Mara akajikuta anavutavuta ile bazoka mdomoni, na akaona: meno na ulimi wake vinachonga. Vipande vile vilivyotafunwa akavipigisha picha kama sanamu. Fundi mwenye marumaru mezani anaona sanamu imo mdomoni mwake. Hapo mimi nilikumbuka mama anavyomtafunia mtoto chakula. Yeye hakusema hivyo, nimesema mimi.

Mwaka 1969 alipatikana na saratani ya titi. Akatengeneza uvimbe. Ndiyo, uvimbe wenyewe, aliuita hivyo: mabonge ya resini yaliyofungiwa ndani magazeti yaliyokunjwa, shashi za hospitali, picha. Katika kazi moja ya mwaka 1971 aligandisha pamoja picha yake akiwa kitoto anacheka na picha ya mwanamke aliyeuawa kambini. Miaka zaidi ya 25 mdomo haujasema, na resini ikasema. Je, mngemtaka aichonge kwa mpingo? Mpingo unaficha kilicho ndani. Alihitaji kitu kinachogandisha na bado kinaonesha.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyonileta hapa. Mwaka 1972, akijua muda umekwisha, alimpaka plasta Piotr, kijana wa miaka ishirini hivi. Akatoa kalibu ya mwili wake, akamimina ngozi nyembamba ya resini, kisha akaikandamiza ikawa bapa na kuibandika kwenye mbao nyeusi. Mikunjo ya bega, pua, mbavu, vyote vimelala. Mfululizo huo, wenye mwili wake pia, aliuita "Herbarium", yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa kati ya karatasi ili isipotee. Binti wa daktari wa watoto, mama ambaye hakumzaa mwanawe, alimzaa hivyo: kwa kumfunika mwili mzima, kungoja dakika ile plasta inapopata joto, kumfungua. Alifariki Machi 1973, ana miaka 46.

Nimekaa na picha zile usiku mwingi. Sijui kuzisema zaidi ya hapo.

Msije mkatoka humu mkidai nimekataza kuchonga mama na mtoto. Chana Orloff, Myahudi mwingine, mzaliwa wa Ukraina aliyeanza kama mshonaji, alichonga akina mama wajawazito na wenye watoto maisha yake yote pale Paris. Mume wake alikufa kwa homa ya mafua mwaka 1919, mtoto wao akiwa mchanga. Mwaka 1921 alimchonga mtoto huyo kwa mti, ameketi, jina lake la nyumbani Didi. Desemba 1942 Orloff na mwanawe walitorokea Uswisi, wakiwakimbia Wanazi. Nyumba ikaporwa. Alirudi Paris na mwanawe yuko hai, lakini mtoto wa mti hayupo. Orloff alifariki mwaka 1968 bila kumwona tena. Didi alikuja kuonekana New York mwaka 2008, na familia ikadai miaka mingi mpaka ikarudishiwa. Kwa hiyo chongeni, wazee wangu, chongeni mama na mtoto. Ila mti wa Didi umebeba vitu ambavyo tindo ya Orloff haikuvitia.

Vijana mnaoanza kesho kwenye karakana: msije na gogo mlilonunua leo barabarani. Kila mmoja aje na kitu kilichokuwa cha mtu. Khanga kuukuu, mpini wa jembe, godoro la mpira, sufuria iliyotoboka. Siku ya kwanza hatutachonga. Tutakaa na vitu hivyo tuulizane vilikuwa nini.

Na kile kinu nimekuja nacho. Kiko pale nyuma, pembeni ya meza ya chai, nimekifunika kanga. Mama amekubali kisafiri, kwa sharti kirudi Jumapili. Sijakigusa kwa tindo. Ndani, upande wa kulia, kuna bonde dogo pale bibi alipozoea kuuelekeza mchi. Pitisheni vidole, taratibu, palipopasuka pana kibanzi.

Asanteni.